Chokoleti Kutoka Busawe

Kijiji cha Busawe,
S.L.P. Mugumu.
9 Machi 1975

Dada Nyangi, shikamoo.

Naandika bila kujua barua hii itakukuta wapi. Nimesikia watu wa Nyanungu nao wamehamishwa, nyumba zimeezuliwa na kila mtu kapangiwa kiwanja. Nimeipitisha kwa Mwalimu Stanslaus, maana zamani yeye ndiye aliyekuwa akipokea barua za watu wote.

Tangu matanga ya mume wetu hatujasemezana. Uliniona nikiondoka na kapu moja. Waitara alisimama mlangoni akasema kama nakataa kurithiwa naye niende zangu, lakini mtoto ni wa ukoo wa kaka yake, ng'ombe wa mahari walishatoka. Christina alikuwa na miaka miwili, nilikuwa nimemwachisha ziwa mwezi uleule. Wewe ndiye uliyemshika. Sikuweza kukutazama usoni, na mpaka leo sijui kama ulikuwa unalia au unafurahi.

Usiogope, siandiki kumtaka. Nataka tu kumpa kitu.

Nilipotoka huko nilipata kazi ya upishi Mugumu, kwa bwana mifugo mmoja wa Denmaki. Mke wake, Mama Ingrid, alinifundisha kutengeneza chokoleti nyumbani. Mkataba wao ulipokwisha aliniachia vibati vyake vitatu. Ni vibati vyenye vishimo vya maumbo: kimoja cha samaki, kimoja cha jogoo, kimoja cha nyota. Unamimina chokoleti ikiwa uji, ikishaganda unapata samaki au jogoo. Kakao naipata kwa Agustina, mkunga wa zahanati yetu. Kwao ni Kyela, wanailima, naye akirudi likizo hunibebea mbegu kwenye mfuko.

Katika kopo hili nimeweka saba, maana tarehe 14 Januari ametimiza miaka saba. Ni kitu kitamu cha kula. Liweke kivulini karibu na mtungi wa maji, umpe moja kwa siku.

Mke mwenzako,
Felistas Adoyo


Itiryo,
Tarime.
20 Aprili 1975

Felistas,

Marahaba. Barua yako imezunguka sana. Ilikwenda Nyanungu, ikarudi Tarime mjini, ndipo ikaletwa hapa Itiryo tulikohamishiwa. Mwalimu Stanslaus naye yuko hapa.

Najiandikia mwenyewe. Usicheke herufi zangu kuwa kubwa kama mahindi. Nimesoma darasa la watu wazima miezi minane. Ungeniandikia kabla ya hapo, ningeiwashia moto.

Kopo nimelifungua. Ndani kulikuwa na tope jeusi. Nilidhani ni dawa ya kupe. Nimelitupa. Mtoto hajaonja.

Mtoto ni mzima. Yuko darasa la kwanza. Anajua kuhesabu kunishinda. Hapa kijijini kila mtu ni mgeni kwa mwenzake, ukimtoa Mwalimu hakuna anayejua mambo yetu ya nyuma. Nataka yabaki hivyo. Yeye mwenyewe hakuulizii.

Usitume tena.

Nyangi,
mjane wa Marwa


Busawe,
15 Juni 1975

Dada Nyangi, shikamoo.

Umesema nisitume, nami nimetuma. Nisamehe. Mara ya kwanza kosa lilikuwa langu, Machi jua lilikuwa kali na kopo lilikaa juu ya lori. Sasa ni baridi ya Juni. Nimezifunga moja moja kwa majani makavu ya mgomba, nikajaza pamba katikati. Hazitayeyuka.

Huku nimepewa kiwanja mwisho wa safu, nyumba ya ishirini na sita. Majirani si watu wabaya. Wananisalimu, wakitoka kisimani wanapita. Wananiita yule Mjaluo wa Wazungu. Nikiwapa chokoleti wanaonja kwa adabu, kisha naikuta imewekwa juu ya jiwe nje, imezungukwa na sisimizi. Wanasema ina uchungu kama kwinini. Kwa hiyo natengeneza mwenyewe na kula mwenyewe, na zikizidi nampa Agustina. Sukari ni kilo moja kwa kaya pale duka la kijiji, na mimi kaya yangu ni mimi. Nimeacha kuweka sukari kwenye chai ili itoshe.

Sikulazimishi umtaje mama yake. Mwambie zimetoka kwa mtu yeyote. Mwambie zimetoka kwa shangazi.

Felistas


Itiryo,
11 Julai 1975

Felistas,

Zimefika nzima. Samaki wanne, majogoo watatu. Mwalimu Stanslaus alitaka kujua ni nini, nikamwambia ni dawa ya kifua.

Nilimpa samaki. Alimgeuza, akamnusa, akamlamba mkia. Hakutafuna. Alikaa naye mdomoni mpaka mate meusi yakamtoka, nikadhani ameumia. Kisha akacheka. Jogoo amekataa kumla. Amemweka dirishani na asubuhi anamsalimu. Akaniuliza zimetoka wapi. Nikasema kwa shangazi. Shangazi yupi? Nikasema yule wa Serengeti. Sasa kila nikitoka kwa mwalimu anauliza kama shangazi ameandika.

Kuna jambo nilikudanganya. Lile kopo la kwanza sikulitupa. Nililisikia harufu, nikatia kidole. Nikatia kijiko. Nililimaliza peke yangu nyuma ya ghala, siku moja, mtoto akiwa shule. Mume wetu alipokuoa wewe nilikula hasira miaka mitatu, lakini tope lako lilikuwa tamu.

Nataka unifundishe kutengeneza, na unitumie vibati. Mtoto asiwe anangoja lori. Akitaka, nimtengenezee hapa hapa nyumbani kwake.

Nyangi


Busawe,
30 Agosti 1975

Dada Nyangi, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi, tulikuwa tunavuna pamba shamba la kijiji.

Kuhusu vibati, vimeharibika. Vimeota kutu na kingo zimepinda, havifai kumpa mtu. Na kakao huko kwenu hutaipata. Nimetuma nyingine kidogo, zile za nyota. Nitaendelea kutuma kila Agustina akileta mbegu, kwa hiyo usihangaike.

Msalimie Christina. Yaani, salamu za shangazi.

Felistas


Itiryo,
3 Oktoba 1975

Felistas,

Unasema vibati vimeota kutu, lakini nyota zako zinang'aa kama viatu vya askari, kila pembe imetoka. Mimi nimefua na kupika maisha yangu yote. Najua bati zuri. Hutaki kunipa. Ungesema.

Lakini nani anamwita mwenzake mwongo? Nikuambie na langu, kisha uamue kama utaniandikia tena.

Hukuniuliza Christina anaamini nini. Anaamini mimi ndiye niliyemzaa.

Sikupanga. Siku ya kuandikishwa hapa, mwenyekiti alikaa mezani na daftari lake akauliza, "Mama, na huyu mtoto ni wa nani?" Watu walikuwa kwenye mstari nyuma yangu, wote wageni. Christina alikuwa ameshika pindo la kanga yangu. Nikasema, "Wangu. Nimemzaa mimi." Akaandika. Christina aliniangalia juu, akashika kanga kwa nguvu zaidi. Nimengoja siku ya kusahihisha. Siku hiyo haijafika, na kila siku inazidi kuwa mbali.

Nilikaa na Marwa miaka kumi na minane sikupata hata mimba iliyoharibika. Wewe ulikaa mitatu ukapata. Katika barua yako ya kwanza ulisema hujui kama nilikuwa nalia au nafurahi ulipoondoka na kapu lako. Nilikuwa nafurahi. Nimeliandika. Sasa unajua.

Nyangi


Busawe,
9 Novemba 1975

Nyangi,

Nimeandika barua nne nikazichoma. Hii ni ya tano.

Ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji chako. Ya tatu ilikuwa ya Waitara, fikiria nilikuwa nimefikia wapi. Ya nne ilikuwa ya Christina, nayo ndiyo niliyoichoma nikiwa nalia, kwa sababu sikujua mtoto wa miaka saba unamwandikia nini.

Agustina alinikuta sijapika siku mbili. Nikamwambia yote. Alikoka moto akaniwekea uji, kisha akaniuliza, "Huyo mama anampiga?" Nikasema sijui. "Anamlisha?" Nikasema anamlisha. "Anamsomesha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kunywa uji."

Ni kweli nilikuficha. Vibati ni vizima. Nilijua nikikupa, hutakuwa na haja ya kuniandikia, na mtoto hatauliza tena kama shangazi ameandika. Hilo swali lake ndilo tu nililokuwa nalo hapa duniani. Kwetu mke mwenza tunamwita nyieka, na wivu tunauita nyiego. Utadhani ni neno moja, na sisi wawili tumelitumikia vizuri.

Nimechoka kulitumikia. Nakutumia kibati cha samaki na mbegu nusu mfuko.

Kaanga mbegu kwenye chungu kikavu, moto mdogo, ukikoroga, mpaka zianze kupasuka na nyumba nzima inukie. Zimenye maganda, uzipepete kwa ungo. Zitwange kwenye kinu kilichokauka kabisa, kisha uzisage kwenye jiwe ukiwa umeweka makaa chini yake. Mwanzo itakuwa unga. Usikate tamaa, saga. Itafika wakati itoe mafuta yenyewe iwe uji mweusi. Sukari nayo isage iwe laini kama vumbi, uchanganye. Iweke katika bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Ikishayeyuka yote iondoe, uikoroge ikipoa, mpaka ukijipaka tone chini ya mdomo usikie baridi kidogo. Hapo irudishe kwenye mvuke kwa muda wa kuhesabu hamsini tu, ndipo umimine.

Kibati kisugue kwa pamba kavu mpaka kiteleze. Ukimimina, kigongegonge mezani mapovu yatoke. Kiache. Ikiwa tayari inajikaza na kuachia yenyewe, ukikipindua inaanguka. Isipoanguka, usiichokonoe kwa kisu.

Kama wewe ndiye mama yake, basi mtengenezee.

Felistas


Itiryo,
28 Desemba 1975

Felistas,

Nilikusudia iwe ya Krismasi. Nimeharibu.

Nilisaga siku mbili mpaka bega likafa ganzi. Christina alikaa karibu akinipepea. Ilipokuwa uji nikaona ni nyeusi mno, nikakumbuka ulivyosema watu wa Busawe hawapendi uchungu, nikatia maziwa ya ng'ombe kikombe kimoja. Ikashikana papo hapo ikawa kama udongo wa kufinyangia. Nikaongeza maji ilegee, ikawa mbaya zaidi. Niliibandika kwenye kibati kwa vidole. Haikuanguka. Nikachukua kisu, ndiyo, nikaichokonoa. Walitoka samaki bila vichwa, na asubuhi walikuwa na ukungu mweupe kama wazee.

Christina alionja kwa kunihurumia. Akasema, "Mama, hii si ya shangazi."

Njoo, Felistas. Shule zinafunguliwa katikati ya Januari, njoo kabla. Waitara amekwenda kwa jamaa zake upande wa Kenya, hatarudi mpaka Januari iishe. Njoo utuonyeshe. Njoo kama shangazi, na ukiwa hapa ukitaka kusema jambo lako, sitakuzuia. Nimefikiri sana. Mimi sina mdomo wa kulisema.

Nyangi


Busawe,
2 Februari 1976

Dada Nyangi, shikamoo.

Najua ulishangaa. Nilisema nitakaa siku nne, na siku ya pili asubuhi nikaaga kwa haraka hata ugali sikula. Uliniuliza njiani kama umenikosea nikasema tumbo linaniuma. Hukunikosea. Ulinipokea kuliko nilivyostahili. Ulinitandikia kitanda chako.

Nilipofika alinipigia magoti na maji ya kunawa, "Shikamoo shangazi." Nikaitikia. Ana masikio ya Marwa. Miguu ni yangu, kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza. Nilitazama miguu yake siku nzima nikijifanya natafuta kitu chini.

Tulipokuwa tunasaga wote watatu, nilisahau. Sema kweli, nawe ulisahau? Ulikuwa unaimba. Sijawahi kukusikia ukiimba miaka yote ile tulipokaa boma moja.

Kisha ulichukua kapu ukasema unakwenda kuchuma mboga, na mlangoni ukanigeukia ukasema kwa sauti ndogo, "Mwambie."

Tukabaki yeye na mimi na kibati. Akakigusa, akauliza, "Shangazi, nikikigonga kwa nguvu watavunjika?"

Nikasema, "Hakigongwi kwa nguvu. Ngoja."

Akangoja. Ana subira ya mtu mzima. Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Na wewe una watoto wako huko Serengeti?"

Nikasema, "Sina."

Lilitoka lenyewe, Nyangi. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa ameufungua yeye kwa mkono wake, nami nikaufunga. Akasema, "Pole, shangazi," akanipa samaki wa kwanza aliyetoka mzima. Nilimla. Sikusikia ladha yoyote.

Wewe ulinikana mimi mbele ya mwenyekiti kwa kumtaka yeye. Mimi nimemkana yeye mwenyewe usoni. Sikuweza kukaa tena chini ya paa lako. Kibati kaa nacho, na mbegu zilizobaki ni zenu. Mwache aamini anavyoamini.

Felistas


Itiryo,
14 Machi 1976

Felistas,

Nimemwambia.

Ulipoondoka aliuliza kila siku kwa nini shangazi amekwenda akiwa na macho mekundu. Nikasema moshi. Akasema tulikuwa tumeshazima moto. Jumapili moja tumetoka kanisani, nimebeba kiti changu kichwani, akaniuliza tena, nikatua kiti katikati ya njia nikakalia. Nikamwambia yule si shangazi. Nikamwambia yote, hata mwenyekiti na daftari, hata kwamba nilifurahi. Watu walikuwa wanapita wakisalimu, nami naitikia.

Hakulia. Alichukua kiti akakibeba yeye mpaka nyumbani.

Wiki nzima aliteka maji, akafagia, akafanya kazi zote bila kuambiwa, kama mtoto aliyekuja kukaa kwa watu. Ndipo jana akaniita nikiwa zizini. Akasema, "Mama Mkubwa, ndama amekata kamba."

Ni neno sahihi. Mimi ni mke mkubwa wa baba yake, hivyo ndivyo nilipaswa kuitwa tangu mwanzo. Nilikwenda nikamfunga ndama. Nilifunga vibaya, akakata tena.

Ameniuliza jambo moja tu. "Kwa nini alisema hana?" Nimemwambia sijui. Hilo halikuwa langu kulijibu. Mwandikie. Anasoma vizuri, andika herufi zilizoachana.

Waitara amerudi na amesikia. Amekuja akasema mtoto hatavuka Mto Mara. Nikamwambia tangu kaka yake afe hajamnunulia Christina hata daftari. Akasema nitajuta. Nikamwambia najuta tayari, asiniongezee. Likizo ya Juni nitampandisha gari aje kwako, akikubali mwenyewe.

Nyangi


Busawe,
1 Aprili 1976

Christina mwanangu,

Uliniuliza kama nina watoto nikakujibu sina. Ulikuwa uongo. Ninaye mmoja, ni wewe.

Nilisema vile kwa sababu niliogopa. Watu wazima nao huogopa. Niliogopa ukijua utaniuliza kwa nini niliondoka, nami nilikuwa sijapata jibu la kumpa mtoto. Nimelitafuta, ni hili. Baba yako alipokufa nilitakiwa niwe mke wa baba yako mdogo, nikakataa. Niliambiwa niondoke bila wewe. Nilidhani baada ya mwezi mmoja nitarudi kukuchukua. Mwezi wa kwanza sikuwa na nyumba. Wa pili sikuwa na kazi. Nilipopata vyote viwili nilikuwa nimeona aibu mno kurudi, na aibu ikawa miaka. Kosa hilo ni langu, si la mtu mwingine.

Mama Mkubwa hakukuiba. Alikushika wakati mimi sikuwa na mahali pa kukuweka. Usimkasirikie kwa kutaka uwe wake. Mtu yeyote angetaka.

Sikuambii uniite nani. Ukija, karibu. Usipokuja, nitakuandikia tu.

Ni mimi,
Felistas Adoyo


Itiryo,
4 Juni 1976

Felistas,

Amekubali. Barua yako aliisoma mara tatu akaikunja akaiweka katika daftari la hesabu. Hajanionyesha, sijaomba.

Nitampandisha gari la Mugumu Jumamosi tarehe 12. Mke wa Mwalimu Stanslaus anakwenda kwao huko, atakaa naye. Uwe kituoni tangu asubuhi, asije akashuka akaangalia huku na huku.

Hapendi ngozi ya juu ya maziwa. Dengu zinampa tumbo. Akikohoa mpake mafuta kifuani, usimwamshe, mpake akiwa amelala. Nywele zake ukizichana kavu analia, zilowanishe. Akinyamaza sana usimuulize ana nini. Mpe kazi ya mikono, atasema mwenyewe.

Ameomba kubeba kibati, nimemfungia.

Nimemfulia nguo zote leo, zimekauka, nimezikunja, zimekuwa furushi dogo sana. Nilidhani mtoto ana vitu vingi. Nimekuwa nikizunguka humu ndani nikitafuta kingine cha kutia.

Akitaka kubaki kwako, andika ukweli. Nimeshazoea kusoma.

Nyangi


Busawe,
21 Juni 1976

Dada Nyangi, shikamoo.

Amefika mzima. Nilikuwa kituoni tangu gari la kwanza, ingawa nilijua ni la pili. Alishuka na furushi kichwani na kibati kifuani, akanipigia magoti palepale kwenye vumbi, "Shikamoo," halafu akainua macho. Alikuwa anatafuta neno la kumalizia salamu. Hakulipata, tukaanza kutembea.

Siku tatu za kwanza hakugusa chungu wala jiwe. Nilifanya ulivyosema, sikumuuliza. Nilimpa pamba achambue. Siku ya nne akasema, bila mimi kuuliza, "Nyumba hii iko kimya." Nikasema ndiyo. Akasema, "Unaongea na nani?" Nikasema na Agustina akija. Akafikiri, akasema, "Mama anaongea na ng'ombe."

Nataka uisome tena sentensi hiyo. Labda mbele yako anakuita Mama Mkubwa, lakini hapa anakutaja kutwa. Mama hukata mboga hivi. Mama haweki chumvi mwanzo. Mama ana wimbo wa kusagia. Hajakosea hata mara moja. Nilipomsikia mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba kidogo, kisha nikarudi tukaendelea. Usidhani naandika kukufurahisha. Uliniambia niandike ukweli.

Hatabaki. Nimemuuliza, akasema shule ikifunguliwa anarudi Itiryo, maana ndama ni wake na wewe hujui kumfunga. Nitamleta mwenyewe, hata Waitara akisimama barabarani. Desemba amesema atakuja tena. Amehesabu miezi kwa vidole vyangu, si vyake.

Jana tumetengeneza samaki. Alisaga mpaka mwisho, hakuniachia zamu. Watoto wawili wa majirani walikuja mlangoni kwa harufu, akawapa, wakala wakaomba tena, leo wamerudi na dada yao. Nyumba ya ishirini na sita haijawahi kuwa na watu mlangoni. Nawe amekutengea wanne, anasema lazima wawe wanne kama wale wa mwanzo.

Na mimi, ukitaka kujua, hajaniita kitu chochote. Si shangazi tena, na lile jingine bado. Akinihitaji haniiti kutoka mbali. Anaacha anachofanya, anakuja anasimama karibu yangu, karibu kabisa mpaka nguo zetu zinagusana, anangoja nigeuke. Wakati mwingine namsikia amefika, nami nachelewa kugeuka makusudi.

Mke mwenzako,
Felistas